Wakili anaposikia habari za ukatili dhidi ya mtoto au mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mawakili wachanga, wasaidizi wa kisheria, wanafunzi wa sheria, na mara nyingine wateja wenyewe. Majibu yake hayawezi kuchukua nafasi ya sheria ya nchi unayofanyia kazi, maana katika maadili ya uwakili ni mambo machache ambayo nchi zimetofautiana kama hili. Hata hivyo namna ya kulifikiria jambo ni moja. Kabla hujajiuliza "niseme au ninyamaze?", jiulize kwanza habari hii umeipataje, na ni nani aliye hatarini leo.

Je, sheria inamlazimisha wakili kuripoti?

Inategemea uko wapi, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kuwa siri ya mteja huwaondolea wajibu popote walipo.

Zipo sheria zinazomtaja wakili waziwazi. Afrika Kusini, Sheria ya Watoto Na. 38 ya 2005, kifungu cha 110, inawaweka mawakili katika orodha moja na madaktari, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii: akiwa na sababu za msingi za kuamini kuwa mtoto ameumizwa, amedhulumiwa kingono au ametelekezwa kwa makusudi, ni lazima aripoti. Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mawakili wamo kwenye orodha ya wenye wajibu wa kuripoti ukatili dhidi ya watoto, na tangu 2015 pia dhidi ya wazee wa miaka 65 na kuendelea. Mississippi, Ohio na Nevada nazo zinawataja mawakili kwenye sheria zao za watoto, kila moja kwa masharti yake.

Zipo sheria zisizotaja taaluma yoyote kwa sababu zinamgusa kila mtu. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Wakili naye ni mwanajamii. Ontario, Kanada, kila mtu ana wajibu, lakini sheria yenyewe inasema kwamba haiondoi kinga iliyopo kati ya wakili na mteja wake, yaani kanuni inayozuia mahakama kumlazimisha wakili kutoa mazungumzo yao. Texas imekwenda upande wa pili kabisa: sheria yake ya familia inasema wajibu wa kuripoti unamhusu hata wakili, ambaye mazungumzo yake kwa kawaida ni ya siri, bila kumtoa yeyote. Hata hivyo, sheria hiyohiyo imeiacha kinga ya wakili na mteja isimame pale ushahidi unapotolewa mahakamani.

Na zipo nchi ambazo sheria haisemi lolote kuhusu wakili. Huko kanuni za maadili ndizo zinazoamua, na mara nyingi zinampa ruhusa ya kusema bila kumlazimisha. Uingereza, tume ya uchunguzi kuhusu dhuluma za kingono dhidi ya watoto iliyoongozwa na Alexis Jay ilipendekeza Oktoba 2022 kwamba wajibu wa kuripoti uwekwe kisheria kwa watu wanaofanya kazi na watoto. Sheria za eneo hili hubadilika. Soma ya kwako kila mwaka.

Usiri wa wakili na kinga ya mazungumzo ni kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utakosea kila jibu linalofuata.

Usiri ni wajibu wa maadili. Unafunika karibu kila unachokijua kuhusu kazi ya mteja, hata kama umekisikia kwa jirani yake au umekisoma kwenye barua. Kinga ni kanuni ya ushahidi. Inafunika mazungumzo kati yako na mteja yaliyofanyika kwa faragha ili apate msaada wa kisheria, na kazi yake ni kuzuia mahakama isikulazimishe kuyatoa. Kinga ni mali ya mteja. Yeye ndiye anayeweza kuiachia.

Kesi ya Purcell iliyoamuliwa Massachusetts mwaka 1997 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mteja aliyekuwa amefukuzwa kazi na kutakiwa kuhama alimwambia wakili wake kuwa atalichoma moto jengo alimokuwa akiishi. Wakili alipima, akaamua kuwaambia polisi. Walipofika walikuta petroli na chupa zilizotiwa utambi wa kuwashia moto, na vifaa vya kutambua moshi vimezimwa. Baadaye mwendesha mashtaka akataka wakili huyo apande kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mteja wake. Mahakama ya juu ya jimbo ikakubali kuwa alikuwa na ruhusa ya kuwaonya polisi, lakini kinga haikupotea kwa sababu ya onyo lile. Asingeweza kulazimishwa kutoa ushahidi isipokuwa ithibitike kwamba mteja alimwendea ili apate msaada wa kutenda kosa.

Kwa maneno mengine, kuokoa maisha hakukugeuzi kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Mawakili wengi hunyamaza kwa kuhofia hilo, na watu huumia wakati hofu yenyewe haina msingi.

Mteja wangu anashtakiwa kwa kumtendea mtoto ukatili, na amekiri kwangu. Niripoti?

Kwa jambo lililokwisha kutokea, ambalo tayari liko mikononi mwa polisi na mahakama, jibu karibu kila mahali ni hapana. Hiyo ndiyo siri ambayo taaluma nzima imejengwa kuilinda. Mshtakiwa asiyeweza kumweleza wakili wake ukweli hana wakili. Nevada imeliweka hili ndani ya sheria yenyewe: wakili ana wajibu wa kuripoti, isipokuwa habari ikiwa ameipata kwa mteja anayetuhumiwa au anayeweza kutuhumiwa kwa ukatili huo.

Najua jibu hili linauma, hasa ukimfikiria mtoto. Lakini mtoto huyo ana polisi, mwendesha mashtaka, ustawi wa jamii na mahakama. Mshtakiwa ana wewe tu.

Na kama mtoto bado anaishi naye, na ukatili unaendelea?

Hapo mambo yanageuka. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili wa Marekani, kanuni ya 1.6, zinamruhusu wakili kufichua kiasi kinachohitajika ili kuzuia kifo au madhara makubwa ya mwili ambayo kwa kiwango cha kuridhisha yana uhakika wa kutokea. Zamani kanuni hiyo ilidai hatari iwe ya papo kwa papo na itokane na kosa la jinai. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2002. Kanada, Mahakama ya Juu katika kesi ya Smith dhidi ya Jones ya 1999 iliweka vipimo vitatu: je, hatari inamhusu mtu au kundi linalotambulika, je, ni kifo au madhara makubwa, na je, iko karibu kutokea?

Maoni yangu ni kwamba dhuluma ya kingono inayoendelea dhidi ya mtoto ni madhara makubwa ya mwili, na sijasikia hoja ya kunishawishi vinginevyo. Wakili aliyeruhusiwa kusema katika hali hiyo na akanyamaza asijifiche nyuma ya mteja. Kanuni imemwachia uamuzi, na akinyamaza, uamuzi ni wake.

Kabla ya kufichua kuna hatua moja inayorukwa sana: zungumza na mteja. Mweleze kuwa mtoto hawezi kubaki humo. Mwombe ahame yeye, au mtoto apelekwe kwa ndugu, au akubali uwasiliane na ustawi wa jamii kwa niaba yake. Mara nyingi mteja anayejua kuwa kesi yake itaharibika zaidi kama jambo litarudiwa husikia. Akikataa, na hatari ni ya kweli, sema kile tu kinachotosha kumlinda mtoto: mahali, jina, na kwamba kuna sababu ya kwenda kuangalia leo. Historia ya mteja na aliyokiri kuhusu mwaka juzi hayahusiki.

Mteja wangu ni mama. Anayempiga mtoto ni mumewe. Hapa si rahisi?

Huonekana rahisi, lakini mimi naliona hili kuwa gumu kuliko yote.

Amekuja kwako kwa ajili ya talaka. Katikati ya maelezo anataja kwamba baba akilewa humpiga mtoto kwa waya. Adui wa mtoto na adui wa mteja wako ni mtu mmoja, kwa hiyo unaona kuripoti kutamsaidia. Subiri kidogo. Katika nchi nyingi mzazi aliyejua na asimkinge mtoto anaweza kuulizwa yeye pia, hata kunyang'anywa mtoto. Mume akijua kuna ripoti, usiku huo ndio wa hatari zaidi kwa mama na mtoto. Tena ripoti itakayoonekana imezaliwa na kesi ya talaka inaweza kupuuzwa na afisa aliyechoka kusikia wazazi wakishutumiana.

Kwa hiyo mpangilio una maana. Kwanza usalama: atalala wapi leo, nani ana funguo, mtoto yuko shuleni au nyumbani? Pili ushauri wa wazi kuhusu hatari yake mwenyewe kisheria, maana anaamua kwa niaba ya nafsi yake pia. Tatu ridhaa: mara nyingi mteja akielezwa vizuri atakubali kuripoti, tena aripoti mwenyewe ukiwa naye. Ripoti ya mzazi aliyekuja kwa miguu yake husomwa tofauti na ile iliyomfuata nyumbani. Ridhaa ikishapatikana, mgongano wa usiri unakwisha.

Kama sheria yako inakulazimisha kuripoti bila kujali ridhaa, mwambie hivyo mapema katika mazungumzo hayohayo. Asije akagundua kutoka kwa polisi.

Nikiwa wakili wa mtoto mwenyewe?

Uliza kwanza mahakama imekupa kofia gani. Kama wewe ni wakili wa mtoto kama ulivyo wakili wa mtu mzima, siri yake ni siri. Kama umeteuliwa kuiambia mahakama maslahi yake ni yapi, kwa kawaida huna siri ya kumwahidi, na ni dhuluma nyingine kumfanya aamini unayo. Mwambie kwa lugha ya umri wake kabla hajaanza kusimulia.

Niwe na uhakika kiasi gani? Nichunguze kwanza?

Sheria nyingi hudai sababu za msingi za kushuku. Hazidai uthibitisho. Kuthibitisha ni kazi ya wengine, na ukiwafanyia unaweza kuiharibu.

Hapa naomba uwe makini sana na mtoto. Maswali yenye majibu ndani yake, kama "baba alikushika hapa, sivyo?", yanaweza kuondoa thamani ya kila atakachosema baadaye mbele ya mtu aliyefunzwa kuhoji watoto. Mawakili tumezoea kuuliza hivyo, ndiyo maana tuko hatarini kuliko mwalimu au jirani. Mtoto akianza kusema, msikilize. "Niambie zaidi" inatosha. "Ikawaje?" inatosha. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama aliuita mwili wake kwa jina la kitoto, na weka saa, tarehe na nani alikuwepo. Usiyasafishe. Usimrudishe aseme tena ili uandike vizuri.

Kwa wazee, je, kanuni ni zilezile?

Hapana, na sababu yake ni ya heshima. Mzee ni mtu mzima. Ana haki ya kuishi na anayemtaka, kumpa mali yake amtakaye, na kufanya uamuzi ambao wewe unauona wa hasara. Kumchukulia kama mtoto kwa sababu ana miaka 78 ni namna nyingine ya kumdhulumu.

Lakini tatizo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 mwenye miaka 60 na zaidi hupata aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka akiwa katika jamii. Katika taasisi za kutunzia wazee hali ni mbaya zaidi: wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kufanya unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka.

Sheria nazo zinatofautiana hata katika kusema mzee ni nani. Oregon ni miaka 65. Afrika Kusini, Sheria ya Wazee Na. 13 ya 2006 inahesabu mwanamke kuanzia miaka 60 na mwanamume kuanzia 65, na kifungu chake cha 26 kinamtaka mtu yeyote anayeshuku kuwa mzee amenyanyaswa atoe taarifa mara moja. Texas inamtaja wakili pia katika sheria yake ya kulinda wazee.

Mtoto amemleta mzazi wake ofisini aandikishe nyumba kwa jina lake. Nitajuaje kama kuna shinikizo?

Swali hili linanihangaisha kuliko mengine yote hapa, kwa sababu katika unyonyaji wa mali ya mzee wakili mara nyingi si shahidi wa mbali. Kalamu iliyotumika ni yake.

Tazama inavyokuwa. Wanaingia wawili. Kijana ndiye aliyepiga simu kuomba miadi, ndiye aliyebeba bahasha yenye hati miliki, ndiye atakayelipa. Unamuuliza mama jina lake kamili, anamtazama mwanawe kabla ya kujibu. Unauliza anataka nini, kijana anasema, "Mama anataka kunihamishia nyumba ili isije ikaleta ugomvi baadaye." Mama anatikisa kichwa kukubali. Miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na hana simu. Simu yake anayo kijana.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha uovu. Wapo watoto wanaowaleta wazazi wao kwa upendo mtupu. Lakini sasa una maswali mawili ya kujibu kabla ya kugusa karatasi: mteja wangu ni nani, na nimemsikia yeye?

Kijana amuage mama na akasubiri nje. Akikataa, hilo ni jibu tosha la kusimamisha kazi siku hiyo. Mkibaki wawili, acha hati pembeni. "Mama, nieleze maisha ya nyumbani yakoje siku hizi." "Nyumba hii mliijenga lini?" "Ukishaihamisha, wewe utalala wapi ukikosana na mke wa mwanao?" "Watoto wengine wanajua?" "Ukisema hapana leo, kutatokea nini mkifika nyumbani?" Swali la mwisho ndilo hufungua mengi. Kama jibu lake ni la mtu aliyefikiri, mwenye sababu zake na anayejua anachokitoa, mtekelezee alichotaka, na uandike kwenye faili kwamba mlizungumza faragha. Kama jibu ni machozi, au "nitafukuzwa", usiandike hati. Kanuni za maadili zinakukataza kumsaidia mtu kutenda udanganyifu, na aliyelipa ada si lazima awe mteja.

Tahadhari hiyohiyo itumie kwenye wosia, na zaidi kwenye hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia fedha na mali za mzee. Hati hiyo huandikwa kwa dakika chache, na aliyepewa anaweza kukausha akaunti ya benki bila kugusa mwili wa mzee hata mara moja.

Mzee amenieleza kuwa anapigwa, lakini amenikataza kusema.

Kama ana akili timamu, anaelewa hatari, na sheria yako haikulazimishi, heshimu neno lake. Usimwache hapo, lakini. Jua anaogopa nini hasa. Wengi hawaogopi kipigo kuliko wanavyoogopa kupelekwa kwenye nyumba ya wazee, au kumwona mtoto wao akifungwa. Ukiijua hofu yenyewe, mara nyingi kuna njia ya kisheria isiyomfikisha mtoto gerezani: amri ya kumzuia mtu kufika nyumbani, kufuta mamlaka aliyompa, kubadilisha namba za benki, kumweka ndugu mwingine wa kuaminika. Panga naye siku ya kurudi, na umwachie njia ya kukupata ambayo haipiti kwa mtesaji.

Na kama uwezo wake wa kuamua umepungua?

Kanuni ya mfano ya 1.14 ya Marekani imeandikwa kwa ajili ya hali hiyo, na hata usipofanya kazi Marekani inafaa kuisoma. Mteja akiwa na uwezo uliopungua, akiwa hatarini kupata madhara makubwa ya mwili, ya fedha au mengine, na akiwa hawezi kujilinda, wakili anaweza kuchukua hatua za kumlinda na kufichua kile tu kinachohitajika kwa hilo. Ufafanuzi wake unaanza na hatua nyepesi: kuongea na familia, kuacha siku zipite ili hali itulie, kuwahusisha wataalamu au idara ya kulinda watu wazima. Kuomba mahakama imteulie msimamizi ni hatua nzito. Ukiichukua haraka unaweza kumwondolea mzee uhuru wote kwa nia ya kumwokoa na mtu mmoja.

Uwezo wenyewe si taa ya kuwasha na kuzima. Mtu anaweza asikumbuke leo ni siku gani na bado akajua vizuri kabisa ni nani anayemwibia.

Sikuambiwa na mteja. Nimeona kwa macho yangu.

Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa. Kenya, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda mawasiliano ya mteja kwa wakili wake, lakini hakilindi mawasiliano yaliyofanywa kuendeleza kusudi haramu, wala jambo ambalo wakili ameliona akiwa kazini linaloonyesha kuwa jinai au udanganyifu umetendwa tangu alipoanza kazi hiyo. Ukifika kwa mteja kuchukua sahihi ukakuta mzee amefungiwa chumba cha nyuma, ulichokiona si neno la mteja. Bado wajibu wa usiri unaweza kukugusa, kwa hiyo angalia kanuni zako, lakini usiseme tu "ni siri ya mteja" ukafunga faili.

Na nikiona nje ya kazi kabisa, kwa jirani au kwenye ibada?

Huna mteja, kwa hiyo huna siri ya kulinda. Ripoti kama mtu mwingine yeyote. Oregon wajibu wa wakili haukomi saa za kazi zinapokwisha.

Wafanyakazi wa ofisi yangu je?

Karani, mkalimani na msaidizi wa kisheria wanafungwa na usiri wako, na ni kazi yako kuwafundisha. Ugumu uko kwa afisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia au daktari unayemshirikisha kwenye kesi. Yeye anaweza kuwa na wajibu wake wa kuripoti unaotokana na taaluma yake, hata pale wewe huna. Ofisi za msaada wa kisheria zenye wataalamu mchanganyiko zikutane na kuandika utaratibu kabla mteja hajaketi: nani atasikia nini, na mteja ataambiwa nini kuhusu kila mmoja. Kuwakutanisha kwanza na kujiuliza baadaye ni kumtega mteja.

Mteja amenikabidhi simu yenye picha za dhuluma dhidi ya mtoto.

Usinakili. Usimtumie mtu yeyote, hata wakili mwenzako kwa ushauri. Usifute. Katika nchi nyingi kumiliki picha hizo ni jinai na uwakili haukukingi. Marekani, tangu sheria ya 2006, hata wakili wa utetezi huzitazama akiwa mahali panaposimamiwa na serikali, hapewi nakala. Tafuta ushauri wa mwanasheria mwenye uzoefu wa jinai siku hiyohiyo, ukieleza hali kwa maneno tu.

Naweza kumwambia upande wa pili kuwa wasipokubali masharti yetu nitaripoti?

Kamwe. Kama mtoto au mzee yuko hatarini, usalama wake haujadiliwi bei. Kama hayuko, unachofanya ni vitisho, na katika nchi nyingi ni kosa la kinidhamu au hata la jinai. Vivyo hivyo usikubali kifungu kwenye mkataba wa maridhiano kinachomzuia aliyedhulumiwa kwenda polisi.

Niripoti wapi, na niseme nini?

Hatari ya sasa hivi: polisi. Mengine: idara ya ustawi wa jamii au mamlaka iliyotajwa kwenye sheria yako, Afrika Kusini, kwa mfano, ni shirika la kulinda watoto lililoidhinishwa, idara ya mkoa ya maendeleo ya jamii au polisi. Kumwambia mkuu wa ofisi yako si kuripoti, isipokuwa sheria iseme hivyo.

Sema nani, yuko wapi, umeona au umesikia nini, na kwa nini unadhani ni haraka. Acha tafsiri zako. Omba jina la aliyepokea na namba ya kumbukumbu, kisha andika saa. Kama unaripoti kwa ruhusa ya kanuni ya siri, kumbuka mpaka wake: kinachotosha kumkinga mtu huyo, basi.

Nikiripoti kisha ikaonekana nilikosea, nitashtakiwa?

Sheria nyingi za kuripoti zinamkinga aliyeripoti kwa nia njema dhidi ya madai. Afrika Kusini na Oregon zimo. Hazimkingi anayetunga. Upande wa pili, kutoripoti pale sheria inapolazimisha kunaweza kuwa kosa, na pia jambo la kamati ya nidhamu.

Nikisharipoti, naweza kuendelea kumwakilisha mteja?

Pengine, kama ripoti haikumdhuru na bado anakuamini. Ikiwa habari uliyoitoa inaweza kutumika dhidi yake, kwa kawaida lazima ujitoe, kwa kufuata utaratibu wa mahakama na bila kumwaga sababu zote hadharani. Mwombe ruhusa hakimu kwa kusema kuna sababu za kitaaluma. Mahakimu wanaielewa lugha hiyo.

Ni lini nimwambie mteja kuhusu mipaka ya siri?

Mkutano wa kwanza, kabla hajasimulia. Wapo wanaohofia kwamba wateja watafunga midomo. Wachache watafunga. Lakini mteja aliyeambiwa "kila kitu hapa ni siri" kisha akasalitiwa hatamwamini wakili mwingine maishani, na wala hatawashauri ndugu zake waende.

Maneno yanaweza kuwa mafupi: "Utakayoniambia ni siri, na nitailinda. Kuna jambo moja lazima ulijue. Nikijua kuwa mtoto au mtu asiyeweza kujitetea yuko katika hatari kubwa inayoendelea, sheria inaweza kuniruhusu au kunilazimisha kusema. Likitokea, nitakuambia wewe kwanza kama inawezekana. Una swali?" Badilisha kulingana na sheria ya kwako, liweke pia kwenye barua ya makubaliano ya kazi, na kama mteja hasomi, msomee.

Nimekwama. Nimuulize nani?

Kanuni nyingi zinakuruhusu kutafuta ushauri kuhusu wajibu wako mwenyewe bila kuhesabiwa kuwa umevunja siri. Muulize mwenzako mwenye uzoefu au kamati ya maadili ya chama cha mawakili, bila kutaja jina wala maelezo yatakayomtambulisha mteja. Kama kuna mtu hatarini usiku huu, ushauri huo utafutwe usiku huu.